Asukile Mwaisumo na Mawingu ya Nyololo

Marehemu Asukile Mwaisumo alizaliwa tarehe 4 Machi 1919 huko Masoko, Rungwe, mtoto wa pili wa Mzee Anyitike. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwaka 1940 aliingia jeshini, akafundishwa kazi ya redio.

Mwaka 1947 aliajiriwa uwanja wa ndege wa Mbeya, kuangalia hali ya hewa. Hakujua kutulia. Chakula kikiwa mezani alitoka nje kutazama mlima. Siku ya ndoa yake na Damari, tarehe 11 Septemba 1948, alichungulia dirishani mara tatu kabla ya kiapo, hata bibi wa bibi arusi akauliza, "Huyu anatafuta pa kutorokea?"

Jumanne, tarehe 15 Februari 1955, Bwana Stavros, mkulima wa tumbaku wa Iringa, alitaka kurudi nyumbani na ndege yake ndogo. Mkewe alikuwa na uchungu wa uzazi tangu jana yake. Mbeya kulikuwa na mwanga kidogo, lakini marehemu alikuwa amepiga simu huko mbele, Nyololo, kwenye njia ya Iringa.

"Nimeruka kwenye mawingu mabaya kuliko haya," Stavros alisema.

"Hapa unaona, Bwana. Nyololo hawaoni hata paa la jirani. Ukishapita Makambako, vilima vitakubana, huna pa kugeuzia."

"Basi niruhusu tu!"

"Ruhusa si yangu, rubani ni wewe. Ila sitakuandikia kwamba njia ni nyeupe."

Stavros aliwasha injini. Alikaa humo muda mrefu, mikono usukanini, kisha akaizima.

Alasiri simu ililia kutoka Iringa. Mama alikuwa salama, mtoto hakuishi.

Tangu siku hiyo marehemu alikosa raha. Alimwambia Damari, "Nilisema kweli, lakini kweli yenyewe haijanituliza." Miezi minne Stavros alipita uwanjani bila kumsalimu. Mwezi wa Juni alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Ningeruka, mke wangu angezika wawili," alisema. "Lakini bado najiuliza."

"Hata mimi, Bwana," marehemu alijibu. Wakanywa chai pamoja.

Baada ya hapo hakumwacha rubani aondoke kabla ya kumuuliza, "Utageukia wapi?" Alisisitiza: "Amua ukingali chini. Ukiwa juu, hamu ya kufika itakuamulia."

Mwezi wa Mei mwaka huu kifua kilianza kumsumbua. Alilazwa mara mbili, na mara zote mbili aliomba kitanda cha karibu na dirisha. Alifariki Jumamosi, tarehe 23 Agosti 1958, saa nne asubuhi, Damari akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake mzazi, mdogo wake Saulo anayewasomea haya, mjane wake Damari, watoto watatu, Isakwisa, Rehema na Fanueli, na mmoja tunayemtarajia mwezi wa Desemba, ambaye itatupasa sisi kumsimulia habari za baba yake.

Mungu ampe utulivu ambao hapa duniani hakuupata.