Nadhiri ya Koko

Mwamini: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

Zuhura: Mwamini? Haloo— unanisikia?

Mwamini: Nasikia mikwaruzo tu. Ni nani?

Zuhura: Mama yako! Nani mwingine anaita jina lako hivi? Niko kwa simu ya jirani, Habineza. Yangu imezima.

Mwamini: Aa, Maman. Assalamu alaykum.

Zuhura: Waalaykum salaam, mwanangu. Habari ya mafunzo kule Rwimbogo?

Mwamini: Ni kuchoka, Maman. Tangu asubuhi sijakaa chini. Bagonjwa ni bengi, sisi banafunzi tuko babili tu, na miguu imevimba kama mandazi. Sasa njo navua viatu.

Zuhura: Pole. Na examen, ule mutihani wako?

Mwamini: Kesho asubuhi. Tena ni ile ya dawa. Namna ya kumupa mugonjwa dawa bila kumuua.

Zuhura: Nilitaka kuuliza kantu kadogo tu, halafu nakuacha upumzike.

Mwamini: Uliza.

Zuhura: Sukari ya muntu ikipanda, analala sana, njo vile?

Mwamini: Inaweza. Nani analala?

Zuhura: Koko, bibi yako. Nimetoka soko nikamukuta kwa mukeka. Namuita, anaitika mm, mm, basi. Nikasema hii ni sukari imepanda. Nimevuta dawa yake ya sukari tena mu sindano, iko hapa mu mukono, nangoja tu wewe useme—

Mwamini: Weka chini.

Zuhura: Ni kidogo, haifike ata nusu—

Mwamini: Maman, weka hiyo sindano chini! Umeweka?

Zuhura: Nimeweka. Usinipigie kelele. Na mi nimechoka, nimesimama na ndizi zangu soko tangu alfajiri.

Mwamini: Nisamehe. Umeweka fasi gani?

Zuhura: Kwa meza. Nimeifunika.

Mwamini: Aya. Ulimupima? Na ile mashini ya kutoboa kidole?

Zuhura: Vijiti vyake viliisha. Sikukuambia, ungehangaika.

Mwamini: Yoo, Maman...

Zuhura: Sasa je? Nimupige ao nisimupige?

Mwamini: Ngoja. Monitrisi wetu, Madame Mukankusi, anatufundisha vitu vitano vya kuangalia mbele ya kumupa muntu dawa. Nitakuuliza, wewe jibu tu. Sindano ya asubuhi ulimupiga Koko mwenyewe?

Zuhura: Nimupige nani mwingine? Paka?

Mwamini: Jibu tu, Maman. Dawa ni ile ile? Chupa haijabadilika?

Zuhura: Ni ile, ya rangi ya maziwa. Ilitoka mu frigo ya Habineza. Niliizungusha mu viganja polepole, sikuitikisa. Vile ulinionyesha.

Mwamini: Kipimo?

Zuhura: Kwa ule mustari wetu wa sindano. Nilivaa miwani, hewa nikaitoa, nikaangalia tena.

Mwamini: Ulipiga wapi?

Zuhura: Kwa tumbo, pembeni ya kitovu. Jana kushoto, leo kuume.

Mwamini: Na saa?

Zuhura: Ya kila siku. Wewe njo ulisema tusiruke ata siku moja. Hatujaruka.

Mwamini: Vyote vitano ni sawa.

Zuhura: Si nilikuambia? Mi si mutoto.

Mwamini: Unafanya muzuri kuliko sisi hapa. Mushike kwa paji. Ana moto?

Zuhura: Moto? Hapana. Ni baridi. Na jasho, Mwamini, kanga yote imelowa. Mikono inatetemeka. Nilizani ni— haloo?

Mwamini: Niko. Maman, amekula nini leo?

Zuhura: Haloo? Haloo?

Mwamini: Unanisikia vizuri sana. Amekula nini?

Zuhura: Amekula.

Mwamini: Nini?

Zuhura: Mutandao unakata—

Mwamini: Haukate! Sikia. Ile dawa kazi yake ni kushusha sukari. Haiulize kama muntu amekula ao hajakula, yenyewe inashusha tu. Isipokuta chakula, inashusha muntu mwenyewe. Kwa hiyo niambie. Amekula nini?

Zuhura: Aliniapisha.

Mwamini: Alikuapisha nini?

Zuhura: Nisikuambie. Koko amefunga.

Mwamini: Amefunga? Ramadhani iko mbali!

Zuhura: Ni nadhiri. Alimuahidi Mungu atafunga juma nzima ju ya examen yako. Ati mutoto wetu apite. Juzi alifunga, jana alifunga, magharibi ikamukuta vizuri. Leo tu njo—

Mwamini: Na sindano ukaendelea kumupiga. Na hajakula.

Zuhura: Ulisema tusiruke! Si wewe ulikaa hapa kwa hiki kiti, ukanishika mukono, ukasema, Maman, kila asubuhi, ata kama mvua inanyesha? Nilifanya vile ulisema!

Mwamini: Ni kweli. Nilisema vile. Na mara moja tu nilisema lazima akule, nikaona hiyo ni jambo la kujulikana... Sasa fanya haraka. Iko sukari ya chai?

Zuhura: Iko.

Mwamini: Muinue akae, umuegemeze kwa ukuta. Mwambie ameze mate.

Zuhura: Koko! Koko, meza mate. Meza... Amemeza.

Mwamini: Alhamdulillahi. Koroga sukari mingi mu maji, usione huruma na sukari leo. Umunyweshe kidogo kidogo. Akianza kushindwa kumeza, usimumwangie mu mdomo, itaingia mu mapafu. Hapo umulaze kwa ubavu, umupake sukari ndani ya shavu na kidole. Unasikia?

Zuhura: Nasikia. Nakoroga. Habineza, shikilia hapa... Koko, kunywa. Kunywa, mama.

Mwamini: Anakunywa?

Zuhura: Anafunga meno.

Mwamini: Hawezi ao hataki?

Zuhura: Hataki. Anauliza kama adhana imelia.

Mwamini: Ee Mungu.

Zuhura: Mwanangu, ni karibu. Jua liko linashuka kule Bukavu. Tungoje tu kidogo, halafu—

Mwamini: Hatungoje!

Zuhura: Ni nadhiri, Mwamini. Si mchezo.

Mwamini: Mugonjwa hafunge, Maman. Mungu mwenyewe alimuachilia. Mukingoja adhana, itawakuta munatafuta sanda.

Zuhura: Usiseme vile!

Mwamini: Nasema ju ni vile.

Zuhura: Nimwambie imelia? Hasikii vizuri, hatajua.

Mwamini: Usimudanganye. Hatakuamini tena siku nyingine. Weka simu kwa sikio yake.

Zuhura: Iko kwa sikio. Sema.

Mwamini: Koko? Ni Mwamini, mujukuu wako. Nimejua yote. Aksanti, Koko, aksanti sana. Lakini sikia, adhana bado. Nataka ukunywe mbele ya adhana. Ukifa leo, mimi kesho sitashika kalamu, na ata nikipita sitaweza kushika sindano tena maisha yangu yote. Kunywa, Koko. Nakuomba. Kunywa ju yangu, vile ulifunga ju yangu.

Zuhura: [mbali] Polepole... ee... bado iko...

Mwamini: Maman? Maman!

Zuhura: Anakunywa. Analia na kunywa. Nusu ya kopo imeisha.

Mwamini: Amalize. Halafu umupe kintu cha kushiba, mukate, ndizi, chochote kiko. Ule utamu hautakaa.

Zuhura: Iko ndizi nimerudi nazo. Habineza anamenya... Mwamini, anafungua macho. Ananiangalia. Anasema nimechoka uso.

Mwamini: [anavuta kamasi]

Zuhura: Unalia?

Mwamini: Hapana. Ni uchovu tu. Sasa musikae hapo. Ile dawa ya asubuhi bado iko mu mwili, inaweza kumushusha tena. Habineza amupeleke hospitali na gari yake, sasa hivi, na ndizi ziwe mu mukono. Ile sindano ya kwa meza usimupige. Usimupige dawa yoyote mpaka pale baseme.

Zuhura: Na kesho asubuhi, nipunguze ao niache?

Mwamini: Sijui, Maman.

Zuhura: Hujui? Si uko unasomea?

Mwamini: Ni mwanafunzi. Hiyo ni ya daktari kusema. Nikikudanganya leo kwa simu, kesho tutarudi palepale.

Zuhura: Batanigombeza pale. Mwanamuke mzima, kumupiga muntu sindano anafunga.

Mwamini: Bagombeze. Wewe sema kweli yote. Sema saa ya sindano, kipimo, na kama hajakula tangu daku. Ukificha, batafanya kosa lile ulitaka kufanya. Na ukisikia sauti inapanda, sema mimi njo nilikufundisha.

Zuhura: Sitasema hiyo.

Mwamini: Sema, Maman. Ni kweli.

Zuhura: Ngoja. Koko anavuta kanga yangu... Anasema... haloo?

Mwamini: Anasema nini?

Zuhura: Anasema nadhiri haijaisha. Siku zilibaki. Anauliza nani atazifunga.

Mwamini: Yoo, Koko...

Zuhura: Nimujibu nini? Hapandi gari bila jibu. Unamujua. Na Habineza ananionyesha simu, dakika zinaisha—

Mwamini: Mwambie nitazifunga mimi.

Zuhura: Wewe? Na examen ya kesho, na ile miguu?

Mwamini: Nitaingia nayo nimefunga. Mwambie ni yangu sasa, Maman. Yeye akule.

Zuhura: Tutauliza shehe kama inawezekana—

Mwamini: Tutauliza kesho. Leo mwambie hivyo, apande gari. Mwambie akule—

Zuhura: Anapanda. Mwamini, anapanda, ameshika ndi—

Mwamini: Maman? Haloo? ... Akule tu. Akule.