Dishi Linalojua Mvua

Ndani ya Noah ya abiria ya Same kwenda Myamba, kijana mmoja alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye uzuri wa intaneti ya faiba aliyofungiwa nyumbani kwa ajili ya TV. “Hata mvua inyeshe vipi, mama, picha haikatiki. Mke wangu Victoria haondoki kitini.”

“Hongera, mwanangu. Mimi dishi langu linanitosha. Picha ikianza kukwamakwama najua mvua inakuja, natoka kuanua tangawizi.”

Kijana akacheka. “Yaani unalipia king'amuzi kikukatie tamthilia?”

“Tangawizi yangu haijawahi kulowa,” akajibu mama, ametulia kabisa.

Nami niliyekaa nyuma yao niliona kijana ameshinda, mpaka tulipofika Myamba matone yakaanza kugonga kioo. Gari halijasimama sawasawa, tayari kijana alikuwa na simu sikioni. “Pokea basi, tangawizi yetu iko nje!” Victoria hakupokea. Bila shaka picha ilikuwa safi.