Meneja Kaelea Chali

Pale uchochoro wa Kisima Kikavu unapokutana na barabara kuu, mjini Fuzhou, kuna benchi la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, na mbele ya benchi kuna beseni la udongo, pana kama gurudumu la lori. Ndani ya beseni anaishi samaki mmoja wa dhahabu, mnene, asiye na pezi la mgongoni, kichwa kimejaa vinundu kama mtu aliyevaa kofia ya sufu akaivuta hadi machoni. Wanamwita Meneja, kwa sababu ana kitambi, hana kazi yoyote, na kila anayepita lazima amsalimu. Salamu ya uchochoro ule ni moja tu, asubuhi hadi jioni, kwa mkubwa na mdogo: "Umekula?" Asubuhi hiyo chai ya asumini ilikuwa inafuka kwenye themosi, pikipiki za umeme zinapita kimyakimya, na Meneja alikuwa ameelea chali juu ya maji, tumbo jeupe limeelekea mbinguni, pezi moja linapunga taratibu kama anayeita teksi.

Mzee Weng Dehai alikuwa amechuchumaa kando ya beseni, mikono kichwani. Huyu ndiye Breki. Aliendesha basi la mji maisha yake yote, na hakuna abiria wake ambaye hakuwahi kujikuta amekalia mapaja ya mtu asiyemjua. Samaki hakuwa wake. Alikuwa wa mkewe, Suqin, ambaye alikwenda Xiamen kumwangalia binti yao Lanying aliyejifungua. Siku ya kuondoka, Suqin alisimama hapohapo na mzigo wake begani akasema, "Mimi naenda kulea mjukuu. Wewe lea huyu. Mpe punje kidogo asubuhi, basi. Ukimmudu samaki, ndipo tutazungumza kama unaweza kuachiwa mtoto."

Breki alicheka siku ile. Leo hakuwa anacheka. Mtoto ametimiza mwezi na analetwa nyumbani kuonyeshwa. Baadaye Lanying atarudi kazini, na kule Xiamen atatakiwa mtu wa kushinda na mtoto. Breki aliitaka kazi hiyo kuliko alivyokubali kusema. Chini ya mto wake wa kulalia kulikuwa na viatu vidogo vyenye sura ya chui milia, alivyovinunua peke yake, akiwaficha hata majirani.

— Mmekula? aliuliza Nusu, kinyozi, akitoa kichwa mlangoni, mkasi mkononi.

— Tumekula, alijibu Breki, sauti ya msibani.

— Makubwa! Mbona Meneja kalala hivyo?

— Hajalala. Kageuka. Toka juzi alikuwa anainua makalio, leo kapinduka kabisa. Ukimsukuma anakaa sawa kidogo, ukimwachia anarudi juu kama kizibo.

Nusu alitoka nje. Anaitwa Nusu kwa sababu hakuna kichwa alichowahi kukimaliza bila kutoka nje kuongea kwanza. Ndani, mteja alikuwa amekaa kitini, upande mmoja umenyolewa, upande mwingine kama shamba.

— Mafua hayo, Kaka Dehai, alisema Nusu. Jana usiku kulikuwa na ubaridi. Tumbo limeingiwa na upepo. Mchemshie tangawizi.

— Nimchemshie tangawizi samaki?

— Sio umchemshe yeye. Uchemshe tangawizi.

— Tangawizi na samaki, hiyo ni supu, alisema mtu nyuma yao.

Alikuwa Profesa, amefika na kikombe chake mwenyewe na nusu ya mkate wa mvuke mfukoni. Profesa alifanya kazi chuo kikuu miaka mingi, ila langoni, akifungua na kufunga. Alijimiminia chai, akainama juu ya beseni, mikono nyuma.

— Meneja, umekula? Hm. Jamani, hili ni jambo la kisayansi. Samaki ana mfuko wa hewa ndani, kama nyambizi. Nyambizi ikijaa hewa inapanda. Hii ni gesi. Anachohitaji ni uzito.

— Uzito gani tena? alisema Breki. Huyo tayari ni kama kiazi.

— Uzito wa chini. Tunamfunga kitu kidogo tumboni kwa uzi, anageuka mwenyewe. Una ule ufunguo wa basi lako?

— Huo nimepewa kama kumbukumbu!

— Na mke wako anakuja lini?

Breki akatoa ufunguo.

Nusu alileta uzi. Profesa akapandisha mikono ya shati, akafunga kitanzi kizuri, akakishusha majini akiwa ameuma ulimi kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Meneja alikiacha kitanzi kifike mpaka tumboni, kisha akapiga mkia mara moja tu. Maji yalimjaa Profesa usoni, ufunguo ukazama, na Meneja akaelea tena chali, akipunga.

— Kakataa matibabu, alisema Nusu.

— Mgonjwa mjeuri, alisema Profesa, akijifuta kwa mkono.

Breki alikuwa bado ameuzamisha mkono akiutafuta ufunguo simu ilipolia mfukoni. Sauti ya Suqin ilitoka ndani yake, na nyuma yake mlio wa treni: "Mzee, tumeshapita Putian, hatuko mbali. Nitumie picha ya Meneja, Lanying anataka kumwona."

Wote watatu walitazamana.

— Mpige picha halafu ugeuze simu, alishauri Nusu.

— Nikigeuza simu si bado ni tumbo?

— Ndiyo, lakini litakuwa tumbo limetazama upande mwingine.

— Nusu, rudi kwa mteja wako.

Breki alitafuta kwenye simu picha ya mwezi uliopita, Meneja akiwa wima na mnene wa heshima, akaituma. Walisubiri. Hata chai hawakunywa. Simu ikalia tena: "Mbona ile asumini ya kwenye chungu, nyuma yake, imechanua? Uliniambia imekauka."

— Mama yangu, alisema Breki.

— Mwambie imefufuka, alisema Profesa.

— Akifika aikute wapi?

Hapo alifika Bi Qiu, akisukuma mkokoteni wake wa supu ya madonge ya samaki, mvuke umemzunguka kama mtu anayetoka mawinguni. Aliegesha mahali pake pa siku zote, kando ya beseni.

— Mmekula, wazee?

— Tumekula, Bi Qiu.

— Na Meneja wangu ume... Yesalala! Mmemfanya nini?

— Mafua, alisema Nusu.

— Gesi, alisema Profesa.

— Jamani, mna macho ya nini? Inueni vichwa.

Waliviinua. Ng'ambo ya barabara lilikuwa jengo jipya, refu, limevaa vioo kuanzia chini hadi juu.

— Mnaona nini kwenye vile vioo?

— Anga, alisema Breki.

— Anga iko mpaka wapi kwenye kioo? Chini. Imegusa hadi barabara. Sasa yeye huyu macho yake yako juu ya kichwa, kutwa anatazama huko. Kaona anga iko chini, akajigeuza aifuate. Tangu walipoweka vile vioo hata usingizi wangu umegeuka, nalala mchana.

— Unalala mchana kwa sababu usiku unatazama tamthilia, alisema Nusu.

— Na wewe je? Samaki huiga! Kila siku baada ya chakula cha mchana anawaona ninyi watatu mmelala chali kwenye viti vya mwanzi, matumbo nje, midomo wazi. Kutwa ndicho anachokiona! Angejifunza wapi kukaa kwa adabu?

Watu watatu walishusha mashati yao kufunika matumbo.

— Inawezekana, alisema Profesa taratibu. Kisayansi, inawezekana.

— Basi tukae wima, alisema Breki, na alikuwa hana utani hata kidogo. Kaeni wima, akiwaona labda atajirekebisha.

Wakakaa wima. Wazee watatu kwenye benchi moja, migongo imenyooka, mikono magotini, wakimtazama samaki. Mpita njia mmoja aliwauliza kama wanapigwa picha. Meneja aliwatazama kwa jicho moja, akafungua mdomo, akaufunga.

— Jamani! ilisikika sauti ya mteja ndani. Upande wa pili!

— Kaa wima na wewe! alimjibu Nusu.

Teksi ilisimama mbele ya jengo la vioo.

Aliyeshuka kwanza ni Suqin, mfupi, mwepesi, na kapu la mayai mekundu ya mtoto kutimiza mwezi. Kisha Lanying, na kifurushi cha blanketi kifuani. Breki aliinuka haraka mno, na Profesa na Nusu na Bi Qiu wakainuka naye, wakajipanga mbele ya beseni kama ukuta.

— Mmekula? alisema Suqin akivuka.

— Tumekula! walijibu wote kwa sauti moja, kubwa kuliko ilivyohitajika.

— Shemeji, umependeza, alisema Nusu. Hebu njoo nikutengeneze nywele. Bure.

— Baba, mbona umelowa mkono? alisema Lanying.

Breki hakusikia. Alikuwa anakitazama kile kifurushi. Kulikuwa na pua moja ndogo mle ndani, na nywele zilizosimama kama za mtu aliyekosana na Nusu.

Suqin aliweka kapu kwenye benchi. Aliwatazama mmoja mmoja, akamshika Profesa mabega, akamsogeza pembeni kama pazia. Akaona.

Hakupiga kelele. Breki angependa apige kelele. Alichuchumaa, akagusa lile tumbo jeupe kwa kidole, likazama kidogo na kurudi. Limevimba, limekaza. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza saa:

— Leo amekula mara ngapi?

Breki alifungua mdomo aseme mara moja, maana aliyempa punje asubuhi ni yeye. Kisha akakumbuka kwamba baada ya hapo Meneja alimtazama, naye akampa tena. Akaufunga. Nusu alianza kuuchunguza mkasi wake. Profesa alitia mkono mfukoni palipokuwa na nusu ya mkate, na nusu ile ilikuwa sasa robo. Bi Qiu alikuwa ameuegemea ukingo wa beseni akiwa hana mawazo yoyote, na vidole vyake vikafanya vilivyozoea kufanya. Kipande cheupe cha donge kilidondoka majini.

Meneja, chali, mgonjwa, alipiga makasia kwa mapezi yote. Alikifuata kile kipande ubavuubavu kama mashua iliyotobolewa, akapanua mdomo juu ya maji, akakimeza pamoja na hewa ya kutosha baluni. Pwap.

Bi Qiu aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

— Ni kidogo tu, alisema. Si nilimsalimu?

— Na mimi kidogo tu, alisema Profesa. Ananiomba. Anakuja juu kabisa.

— Biskuti, alisema Nusu. Lakini navunja.

— Na watu wa sokoni wanaopita je? alisema Suqin.

Breki alihesabu kichwani watu wote wanaopita pale na kuuliza "Meneja, umekula?", na Meneja asivyojua kusema ndiyo. Mkate ule unavyovimba ukilowa. Na yeye amekaa hapo kutwa, mlinzi aliyepewa kazi moja, akiwamiminia chai. Viatu vya chui milia vitabaki chini ya mto.

Bi Qiu, kwa aibu, alitafuta kitu chema cha kufanya. Alichota supu kwa kijiko, akapuliza, akageukia blanketi.

— Na huyu mdogo wetu, eti umekula? Njoo uonje ya Fuzhou, uache maji ya Xiamen.

Kijiko kilikuwa njiani. Mkono wa Breki ulipita hewani na kuushika mkono wa Bi Qiu ghafla, kwa nguvu, vilevile alivyosimamisha basi maisha yake yote. Supu iliendelea na safari peke yake na kutua kwenye viatu vya Profesa.

— Usimpe! alisema Breki. Muulize mama yake kwanza!

— Mzee Weng, ni mchuzi tu...

— Hata mchuzi! Hata harufu! Lanying, amekula?

— Amekula, Baba, alisema Lanying, akijizuia kucheka. Sasa hivi, kwenye teksi. Hadi akasinzia.

— Umesikia? Amekula. Basi.

Profesa alikuwa anatikisa mguu mmoja kisha mwingine. Suqin alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama anayesoma bei. Kisha akamchukua mtoto kwa Lanying, akamweka begani kwa Breki, akamkunja kiwiko kikae sawasawa, na akaanza kupandisha mikono ya blauzi yake.

— Mshike hivyohivyo, alisema. Mimi napunguza maji haya, yawe kina kifupi apumzike. Na asipewe kitu mpaka niseme mimi.

— Atapona? alisema Breki. Hakuthubutu kusogea.

— Sijui. Huu ufunguo wa basi unafanya nini humu?

Nusu alinyanyua themosi ajimiminie, ikatoa tone moja. Mtoto alijinyoosha begani kwa babu yake, akakunja uso, akapiga mbweu ndefu ya mtu mzima.

— Gesi, alisema Profesa. Nilisema mimi.

Dereva wa pikipiki ya mizigo alikata kona kuingia uchochoroni, kama kila siku, mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika andazi. Alipunguza mwendo karibu na beseni, akainama.

— Meneja! Umekula?

Breki alikanyaga mbele, mgongo umenyooka, mtoto begani, kiganja kimetandazwa juu ya maji.

— Kala! alipaza sauti. Kala kabisa! Pita!