Neno Langu Lililosimama Mlangoni Gombani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyekuja mwenyewe badala ya kutuma mtu; Bwana Sheha wa Ole; Shehe wetu uliyetufungulia kwa dua; wageni mliotoka Chake na Wete; na nyinyi wenzangu kumi na wanane wa Ushirika wa Makonyo, mliovaa sare ambayo sikuipenda rangi yake na sasa naona imekupendezeni: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimepewa dakika kumi. Nitajitahidi, lakini mnanijua. Mie Zuweina binti Thuwein, mwenyekiti wenu kwa miaka kumi na minne, nikishika kipaza sauti hata mwenye kipaza chake hukata tamaa.

Chumba hiki cha kukaushia sabuni tunachokifungua leo kina harufu, si mnaisikia? Ni ya makonyo, vile vijiti anavyobaki navyo mkulima akishachambua karafuu zake. Tunayachemsha, tunatoa mafuta, tunapika sabuni. Harufu hii hunichukua. Nikikaa nayo kidogo macho hulegea, nikawa sijui niko Ole au niko wapi. Basi mkiniona nasema kama mtu anayeota, nisameheni, naota kweli.

Waheshimiwa, mwaka juzi ushirika huu ulikuwa unakufa. Sabuni zilijaa ghalani, na madukani Chake hakuna anayezitaka. Kabla ya sabuni wanawake hawa walikuwa wakiponda kokoto juani. Arwa, binti wa Tibirinzi tuliyemwajiri atushikie kompyuta, alituambia wazi: zisipotoka mpaka Ramadhani, tufunge. Siku ile mwenzetu Khairiya alikwenda kwake, akaitoa nyundo yake ya kokoto uvunguni, akaifuta vumbi. Niliumia, wallahi.

Tulikuwa tumeshaingia soko la mtandaoni, na kutangaza huko ni kununua maneno. Mtu wa Dar au Mombasa akiandika neno ulilolinunua, bidhaa yako inamtokea. Akiigusa, unakatwa pesa, anunue asinunue. Mimi nilipinga. Nilisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Arwa akanijibu kwa adabu, "Ni kweli, Bi, lakini chajiuza kikishaonekana. Sisi nani anatuona?"

Basi tukanunua maneno, na sikilizeni tulivyofanya. Kila mwanachama alitoa neno lake, na kila neno likapewa wiki yake, kwa zamu, kama upatu! Kwani tungefanyaje? Humu ndani wamo wa chama hiki na wa chama kile. Ungelipendelea neno la Ummi ukaliacha la Khairiya, jioni ungesikia ni mambo ya uchaguzi. Tukaona zamu ndiyo amani. Kumbe neno la wiki moja halijafika hata bandarini, ushalirudisha nyumbani.

Arwa alituomba tuyaache yote miezi miwili, halafu ndipo tuyahukumu. Khairiya alikuwa ametoa "udi". Loo! Watu walikuja kwa mamia, wakagusa, wakaondoka, maana walitaka udi wa kufukiza, si sabuni. Arwa akalitia neno lile katika maneno ya kuzuia, anayetafuta udi asituone kabisa. Ummi alitoa "zawadi ya bi harusi", ikaleta wateja wachache lakini wanunuzi. Hilo hakulifuta, alilishushia dau, ile bei tunayolilipia, akaja kulipandisha baadaye, Mfungo Mosi, Ramadhani ilipokwisha na harusi zikaanza. Kisha akatazama wale walionunua kweli waliandika nini. Akaona haya kutusomea. Waliandika "sabuni ya chunusi za mgongoni". Chekeni tu, na sisi tulicheka. Tukalinunua neno hilo, na chunusi ndizo zilizotupa uhai.

Langu lilikuwa "sabuni ya Ole". Nilisema dunia nzima ijue inatoka wapi. Na hilo Arwa hakuligusa.

Siku moja baada ya adhuhuri nilijinyoosha juu ya magunia ya makonyo, usingizi ukanichukua. Nikajiona Gombani, uwanjani. Majukwaa yamejaa watu, kimya, hakuna mpira. Maneno yetu yalikuwa yakiingia mlangoni, yamevaa kama sisi. Zawadi ya bi harusi amejifukiza, ananukia. Chunusi, astaghfirullah, anacheka, na watu wanamwita huku na huku. Na mlangoni, mlango wenyewe mwembamba, amesimama bibi mmoja, buibui limepauka, mikono mitupu. Kila anayepita anamwamkia shikamoo, anajibana, anamzunguka. Nikamwuliza, "Bibi, unauza nini?" Akaniambia, "Siuzi. Mimi ni wa hapa."

Nilipoamka nikamwita Arwa.

"Neno langu limeleta wangapi tangu tuanze?"

Akatazama mkeka. "Bi, tuyaache hayo."

"Wangapi, Arwa?"

"Wawili."

"Wakanunua?"

"Mmoja alikuwa mimi, nilikuwa najaribu simu. Wa pili ni Qais, kaniambia mwenyewe."

Qais ni mwanangu, yuko Dar mwaka wa tisa. Kumbe kila Ijumaa huandika "sabuni ya Ole", akatazama picha ya shamba letu, akatoka. Na kila akigusa tunakatwa! Sijui nililia au nilicheka. Nilimpigia simu nikamwambia, mwanangu, ukitaka kuiona Ole panda boti uje, usitumalize. Yule pale nyuma, kaja na mkewe. Simama, Qais, wakuone.

Neno lile nililifuta kwa kidole changu mwenyewe. Ramadhani ilipoandama ghala lilikuwa tupu. Nyundo ya Khairiya haikurudi kwenye kokoto. Ndiyo iliyopigilia misumari ya mlango huu mlioingilia.

Lakini jambo moja halikuniacha. Mbona Arwa alinyamaza miezi yote ile? Muhali, jamani, ile haya ya kumwambia mkubwa ukweli. Aliniogopea uso wangu, sabuni zikawa zinalala. Nikajiuliza, kuna lipi jengine wasiloniambia? Mwezi uliopita nikamwuliza Khairiya, shoga yangu tangu skuli, "Mwenyekiti wenu analeta nini siku hizi?"

Akatazama mkeka.

Mkeka ule nimeshaujua. Barua yangu ya kujiuzulu anayo Katibu tangu asubuhi, ndani ya bahasha aliyodhani ni ya ratiba. Msipige kelele, kaeni. Mheshimiwa, usitabasamu hivyo, simsemi mtu mwengine yeyote, najisema mie. Uenyekiti nimeupenda, na kuuacha kunaniuma, sitakuficheni. Chagueni mnayemtaka, wala msichague kwa zamu.

Na wewe Arwa, mwanangu, usinitie kwenye maneno ya kuzuia. Nishushe dau tu. Kila Jumamosi nitakuja kuchambua makonyo pale pembeni, na nikisinzia niacheni nisinzie. Ila siku mtakayoniona nimesimama mlangoni, msinizunguke kwa shikamoo. Niambieni, "Bi Zuweina, sogea," nami nitasogea.

Niliyokuwa nayo nimeyasema, na dakika kumi zimepita zamani. Ahsanteni nyote kwa masikio yenu.