Mama Shuka: Mikono Iliyorudisha Ulimi

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Shuka, alizaliwa Jumanne tarehe 6 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe mkunga, katika nyumba ya mabati iliyopakana na ghala la mbao. Alichelewa kutembea, akachelewa na kusema. Mamake alisimulia kuwa vyote viwili vilikuja siku moja: alisimama, akapiga hatua tatu, akaanguka, akatoa neno lake la kwanza. Neno lenyewe halisomeki mbele ya jeneza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965. Akiketi, hesabu zilimpotea. Akizunguka dawati, alizijibu zote. Mwalimu wake alimkalisha kwenye kona wiki nzima ili atulie. Miaka arobaini baadaye mwalimu huyo alilazwa hospitalini, na aliyemletea shuka alikuwa marehemu. "Saba mara nane, mwalimu?" alimuuliza, akaikumbatia ile shuka mpaka alipojibiwa.

Tarehe 12 Januari 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali hiyo, akafanya kazi humo miaka thelathini na sita. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: mnashika ncha, mnarudi nyuma, mnavuta, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana. Marehemu alimsoma mtu kwa mvuto wake. "Huyu kagombana na mumewe," angesema, "karibu aning'oe mabega." Fundi wa boila alipokuja kuziba bomba, alimpa ncha mbili amsaidie. Fundi alivuta taratibu, akasogea taratibu, na alipofika karibu akasahau kuachia. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973, wakajaliwa binti mmoja, ndiye anayewasomea wasifu huu. Fundi alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Tarehe 9 Mei 2014 marehemu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yote yakamtoka. Shemeji yake, mdogo wa fundi, alikuja kumjulia hali akiwa na begi moja. Wiki ya pili kabati lake likafuata. Mwishoni mwa Juni aliwaita ndugu sebuleni, marehemu akiwa kwenye kiti pale pale.

"Huyu sasa ni gogo," alisema. "Ndani hamna mtu. Nyumba ya kaka irudi kwetu, yeye tumtafutie pa kumweka."

Binti aliingia na nguo alizoanua. Alimpa mamake ncha za shuka, kama daktari alivyoagiza, anyooshe mkono. Marehemu alizishika, uso ukamwiva, akavuta kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo.

"Mwongo," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya wiki saba. Mtaalamu wa tiba ya usemi alieleza kuwa kwa mgonjwa huyu maneno yalikuwa yamepata njia ya mikononi, na hasira ndiyo iliyoyasukuma. "Basi mkunje naye kila siku," alisema. Wakakunja shuka zile zile nne, asubuhi baada ya asubuhi. Neno "kijiko" likarudi. "Mlango" likarudi. "Mume wangu" yakarudi, na siku hiyo hawakumaliza kukunja.

Tarehe 22 Oktoba walifika mbele ya baraza la usuluhishi. Mwenyekiti alipotaka kumsikia marehemu, shemeji alicheka. "Mnahoji gogo?" Marehemu akatoa shuka kwenye mfuko, akampa binti ncha mbili, akasimama. Kunjo la kwanza: "Nyumba." La pili: "Yangu." La tatu: "Huyu." Wakasogeleana, vidole vikagusana. "Atoke."

Baraza lilikubali, na shemeji akatoka Jumamosi iliyofuata. Marehemu aliomba kiti chake kiwekwe getini, akaketi tangu chai ya asubuhi, akimtazama shemeji toka unyayo hadi utosi kila alipopita na mzigo. "Mama, jua kali, twende ndani," binti alimsihi. Akapunga mkono kwanza, ndipo neno likaja: "Bado. Godoro."

Moyo wake ulianza kudhoofika Januari 2023. Shemeji alisikia, akaja kuomba radhi. Marehemu aliagiza shuka, akampa ncha. Wakavuta, wakasogeleana, uso kwa uso.

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusikia," alimjibu, bila kukwama hata kidogo. "Hata siku ile nilikusikia." Akaichukua shuka mikononi mwake, akampa mgongo.

Alifariki Alhamisi tarehe 16 Februari 2023, saa nne asubuhi, kitandani kwake, katika nyumba yake, vidole vyake vikiwa ndani ya vidole vya binti.

Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, na wenzake wanne wa chumba cha kufulia. Ameacha pia shemeji mmoja, aliyeomba aandikwe miongoni mwa waliomuuguza. Hakumuuguza. Ameandikwa.

Mama apumzike kwa amani. Sisi wengine bado hatujachoka kuvuta.