Malkia wa Dirisha la Pili Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupokea na kukabidhi vifurushi vya watu, mwenzetu wa dirisha la pili anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Humu ofisini tunamwita Malkia, naye huitika. Kamati imenipa mimi wa mizani kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu tumekaa naye jirani kuliko wote, na pia kwa sababu wengine wote walidai wamebanwa na kazi.

Alianza bohari, akifunga mizigo kwa kamba, kabla ya kuletwa dirishani. Ndiye aliyembana mteja mmoja aliyeapa mbele ya foleni nzima kwamba boksi lake lina nguo tupu, mpaka nguo zikawika. Ndiye pia aliyeanzisha karatasi nyekundu kwenye vitu vya kuvunjika, baada ya sahani za bibi harusi mmoja kufika zikiwa kokoto. Mama wa bibi harusi alikuja amefura, sote tukajificha bohari. Malkia alibaki dirishani, akamsikiliza mpaka mama wa watu akapoa na kuomba maji ya kunywa.

Jina la Malkia lilikuja baadaye, na halikuwa la sifa. Mtu gani hainuki kitini hata mkurugenzi akiingia? Alianza kukabidhi vifurushi kwa mkono wa kushoto, hata kwa wazee wenye mvi, na wateja wakalalamika kwamba hakulelewa. Harusini haonekani, msibani haonekani, anatuma mchango basi. Feni aliielekeza kwake kutwa nzima, sisi tukiloa jasho. Tukasema huyu anajisikia. Yeye akacheka, akaleta mto mwekundu wa kukalia ili malkia awe na kiti cha hadhi yake.

Hapa kwetu mstaafu huingia ukumbini kwa miguu, kutoka mlango mkubwa hadi meza kuu, sote tukiwa tumejipanga pande mbili kwa makofi na vigelegele. Mwezi uliopita Malkia alituma ujumbe kwamba hataki sherehe. Kamati ikaguna: haya, maringo mpaka siku ya mwisho!

Kesho yake akaja chumba cha chai na mumewe, shemeji yetu fundi magari, akatukuta mimi na mwenyekiti wa kamati. Shemeji akaanza kueleza habari za presha, kama alivyozoea kuwaambia watu. Malkia akamkatiza. Akasema hana presha, ana maltipo sklerosisi, na ni mwaka wa kumi na mbili sasa.

Sisi ndiyo kwanza tunalisikia jina hilo. Akatueleza kwamba kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, kama waya wa umeme unaochubuliwa ganda. Ugonjwa huo hauambukizi. Leo mtu yuko sawa, kesho mguu hautii. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na kwa huo angewaangushia wateja vifurushi vyao. Joto linazidisha hali. Msibani aliogopa kukaa mkekani ashindwe kuinuka mbele ya wafiwa, au mkojo umponyoke kabla hajafika chooni. Kuitwa mwenye maringo, alisema, kulikuwa nafuu kuliko kuitwa mgonjwa.

Nyumbani ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Upande wa mume walisema amerogwa, wengine wakamshauri shemeji aongeze mke. Shemeji aligoma, tumpe haki yake, lakini akaona heri jambo lifichwe. Binti yao alipokuja kuposwa, wifi akashauri mama asionekane, wageni wasije wakasema ugonjwa uko kwenye damu. Malkia akakubali. Alikaa kitandani, mlango umefungwa, akisikia vigelegele vya posa ya mwanawe kupitia ukutani. Alipofika hapo alijifunika uso kwa mtandio. Shemeji alikodolea kikombe macho, na mimi sikujua yangu niyaweke wapi. Naandika haya kwa ruhusa yake, na uso unaniwaka.

Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, akapendekeza aletwe kwa gari mlango wa nyuma, aketishwe meza kuu kabla watu hawajaingia. Malkia akasema chumbani alishafungiwa mara moja, inamtosha. Kama sherehe ipo, atapita mlango mkubwa na magongo yake mawili, ambayo humu ofisini hatujawahi kumwona nayo. Atatembea, akichoka atasimama, na asije mtu kumkimbilia kumshika asipoomba. Wakwe wa binti yake amewaalika yeye mwenyewe. Na wifi pia.

Malkia, asante kwa kila mzigo uliofika salama, na kwa kutuvumilia. Tunakuombea mapumziko mema na mwili unaotii. Na siku usipotii, uwe na watu wa kukaa nawe bila kunong'ona.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kumwita shujaa. Nilipomsomea rasimu alikataa katakata. Alisema mashujaa hawatetemeki hivi, yeye tangu awaalike wale wakwe hapati hata usingizi. Niandike tu kwamba aibu bado anayo, na Ijumaa atakuja nayo.

Basi njoo nayo, Malkia. Na sisi tunayo yetu.