Klarineti ya Mama wa Mfalme

Ndugu zangu, wamama na wapapa, nashukuru Mungu pumzi ingali iko. Mwenye kunijua anajua kwamba kusema mbele ya watu si kazi yangu. Minye napuliza klarineti mu orkesta ya kanisa letu hapa Uvira, na mpuliza klarineti haulizwi maswali.

Mto ulipofurika mu kartie, mtaa wetu, ulibeba mtoto wangu wa kiume. Kwa kilio, kwenye matanga yake, watu walijaa, wakalia. Minye sikutoa chozi. Walinisifu kwamba niko na nguvu. Ndugu zangu, nawaambia, haikuwa nguvu; nilikuwa nimekauka. Klarineti niliisukuma chini ya kitanda, na ugali wangu ukawa na madonge hata mbuzi wakaukataa.

Wenzangu wa orkesta wakanifuata nyumbani mpaka nikarudi kupiga nao. Mkubwa wetu wa muziki alikuwa anatufundisha muziki uliotungwa kutokana na mchezo wa teatre wa zamani sana. Mule ndani mfalme kijana anauawa, kisha mama yake anamlilia. Huyo mama hapewi neno hata moja. Analia kwa klarineti, wengine wote wananyamaza. Muone mtego nilioingia.

Nilipuliza kidogo, pumzi ikakatika. Nikarudia, ikakatika tena. Nikamwambia mkubwa atafute mwingine, nikaanza kufungasha.

Hapo mama mmoja mwenye kupiga violoni, ile fidla, mzaliwa wa Luberizi asiyeogopa mtu, akaacha kiti, akatandika kitenge, akaketi chini karibu na miguu yangu. Wamama wengine wakamfuata, wakaanza kuitikia kwa sauti ya chini, vile tunafanya kwa kilio. Mkubwa akawakatiza. Akasema imeandikwa klarineti peke yake.

"Papa," yule mama akamujibu, "kwetu muntu halii peke yake. Mwenye aliandika hii hakuketi kwa kilio chetu."

Mkubwa akainua mikono tuanze upya. Nikapuliza. Machozi yakaja mpaka mdomoni, noti zikatoka ovyo, lakini zilitoka zote. Nilimlilia mtoto wangu.

Siku ya Pasaka tulipiga hivyo hivyo, wamama wakiwa chini. Kanisa zima likaitikia, na mkubwa hakumkataza mtu.

Asanteni, wamama wa violoni. Asante, mkubwa, kwa kukubali kusahihishwa. Na ninyi wengine, msimwambie mwenye kilio ajikaze. Ketini naye chini. Kama humu ndani iko mtu anayelia peke yake, tukitoka aje akae karibu na minye.